Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Mkono Ndani ya Lundo



Baba zangu, mama zangu, na nyinyi vijana wetu mnaosoma haya huku mkisubiri adhana ya Magharibi, Allah azipokee funga zetu.

Leo tuzungumze jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, lakini vijana mnalijua vizuri sana: udanganyifu katika sataranji ya mtandaoni, ile mnayoiita chesi. Kuhusu mchezo wenyewe, wanazuoni wamehitilafiana. Wapo walioukataza, na katika madhehebu ya Imam Shafi kauli mashuhuri ni kwamba ni makuruhu, maadamu hakuna kamari wala haupitishi wakati wa sala. Anayetaka undani akamuulize sheikh wake. Sisi leo tunazungumzia udanganyifu, na huo hauna hitilafu.

*Unafanyikaje?*

Mwaka 1997 kompyuta iliyoitwa Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, katika pambano la michezo sita. Wakati ule ilikuwa mashine kubwa ya kampuni kubwa. Leo programu ya bure kama Stockfish inaingia kwenye simu ya kawaida, na hakuna binadamu anayeiweza. Basi mtu anacheza na mwenzake aliye mbali kwenye simu moja, na simu ya pili iko pembeni inamwambia: sogeza hiki, kula kile. Mpinzani wake anaumiza kichwa akidhani anacheza na mtu.

Sasa hebu tazama ajabu hii. Kijana huyo huyo amefunga. Saa nane mchana koo limekauka, yuko chumbani peke yake, mlango umefungwa na jagi la maji liko mezani. Hanywi. Hakuna mama wala imamu anayemwona, lakini hanywi, kwa sababu anajua Allah anamwona. Kisha anakaa kitandani pale pale na kufungua ile simu ya pili.

Ndugu yangu, Yule uliyemwogopa kwenye maji, kwenye simu umemsahau?

*Lundo la chakula*

Amepokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akakuta lundo la chakula. Akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, kulikoni? Akajibu kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamwambia kwa nini asiuweke ule unyevu juu watu wauone, kisha akaonya kwamba mwenye kughushi si katika yeye.

Vijana, alama zako mtandaoni ni lundo lako. Juu linang'aa: umepanda daraja, watu wanakusifu. Lakini mkono ukiingia ndani unakuta nini?

Wala usiseme "ah, ni mchezo tu." Juni 2021 huko India ulichezwa mchezo wa mtandaoni wa kuwachangia walioathirika na korona. Tajiri mmoja alimshinda Viswanathan Anand, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia mara tano. Watu walistaajabu. Baadaye tajiri yule akakiri kwamba alisaidiwa na kompyuta na watu waliokuwa wakimchambulia mchezo. Anand alisema kwa upole tu kwamba yeye alicheza kile alichokiona ubaoni, na alitarajia wengine wafanye vivyo hivyo. Jina la tajiri tuliache, si la kwetu. La kwetu ni hili: shughuli ilikuwa ya kheri, na hata hivyo sadaka ya juu haikukausha unyevu wa chini. Tunaoandaa futari na michango mwezi huu, hilo ni letu pia.

*Mkono unaingiaje?*

Wengine hudhani hawatakamatwa. Wenye mitandao hii wana njia zao. Wanalinganisha hatua zako na zile ambazo mashine ingechagua. Binadamu, hata bingwa, hukosea, na makosa yake yana sura ya kibinadamu. Asiyekosea mchezo baada ya mchezo anajulikana. Wanatazama pia muda. Mtu wa kawaida hatua rahisi huicheza haraka, ngumu huifikiria sana. Anayesubiri jibu la mashine mara nyingi hutumia sekunde zile zile kwa rahisi na kwa ngumu. Tena wanaangalia kama unatoka kwenye ukurasa wa mchezo na kurudi kila zamu yako inapofika. Mchezo mmoja mzuri hauwatoshi. Wanakusanya michezo mingi, na kesi nzito hupitiwa na watu. Wakithibitisha wanafunga akaunti, na wale ulioshinda kwa hila wanarudishiwa alama zao.

Hao ni binadamu na mashine zao. Je, Yule anayejua hata yaliyofichwa vifuani?

*Na wewe uliyeshindwa?*

Hapa nataka tutulie kidogo, maana dhambi ya pili iko hapa na wengi hatuioni. Umefungwa na mtu usiyemjua. Papo hapo unaandika kwenye kundi: "Huyu mwizi, anatumia mashine!" Unaweka na jina lake. Una uhakika? Au ni kwamba leo amekuzidi tu?

Rudi kwenye lundo. Mtume (s.a.w.) hakupiga kelele kwa mbali. Aliingiza mkono kwanza. Kisha alimuuliza mwenyewe na kumsikiliza. Kisha alimwonyesha njia ya kurekebisha. Na onyo lake alilitoa kwa ujumla, kwa kila mwenye kughushi. Huo ndio utaratibu: hakikisha, uliza, elekeza, onya.

Katika sura ya Al-Hujurat tumeamrishwa kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na tumekatazwa kukithirisha dhana, kuchunguzana na kusengenyana. Ukimsingizia mtu kisichokuwepo, hiyo imevuka usengenyaji, imekuwa uzushi.

Mwaka 2022, katika mashindano ya ana kwa ana huko Saint Louis, Marekani, bingwa wa dunia alishindwa na kijana mmoja, akajitoa mashindanoni na kuacha shaka ikielea. Dunia nzima ikazungumza. Kijana akakiri kwamba alidanganya mtandaoni alipokuwa na miaka 12 na tena alipokuwa na miaka 16, lakini akakana kabisa kudanganya ubaoni, na hakuna aliyethibitisha kwamba alidanganya katika mchezo ule. Desemba 2023 kamati ya maadili ya FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ikamtoza yule bingwa faini ya euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu halali.

Ona pande zote mbili. Kijana alitenda utotoni, na alipokuja kukaa na wakubwa, yale ya zamani yakawa yanamsubiri mezani. Na bingwa, pamoja na ubingwa wake, hakuachiwa kujichukulia hatua kwa shaka tu.

Kwa hiyo ukishuku, ripoti kwa wasimamizi kimya kimya, wao ndio wenye vifaa vya kupima. Kisha nyamaza, endelea na yako. Ikiwa baadaye utagundua kwamba jamaa alikuwa msafi, angalau ulimi wako haudaiwi.

*Na wewe uliyedanganya?*

Mlango uko wazi, tena mwezi huu umefunguliwa zaidi. Toba unaijua: uache, ujute, uazimie kutorudia. Na kwa kuwa hapa kuna haki ya mtu, kuna sharti la nne, kuirudisha. Ulishinda pesa au vocha? Mrudishie mwenyewe. Ulipanda kwa alama zisizo zako? Waandikie wasimamizi uwaambie. Kuna mitandao ambayo mchezaji akikiri mwenyewe humpa nafasi ya kuanza upya kwa akaunti nyingine. Kama watu wanamfungulia anayekiri, basi kwa Mola wako usikate tamaa.

Nanyi wazazi, mkimgundua mtoto, msimvue nguo mbele ya watu. Mwite pembeni, mzungumze. Mwambie: mwanangu, kushindwa kwa haki kuna heshima kuliko kushinda kwa wizi. Aliyeshindwa leo bado anaweza kujifunza. Aliyechezewa na mashine hajui hata alipokosea.

*La kufanya leo*

1. Kabla ya kufuturu, jiulize: lundo langu lina unyevu wapi? Mchezoni, dukani, kazini, kwenye mtihani?
2. Kama kuna haki ya mtu, anza kuirudisha leo, hata kwa ujumbe mmoja.
3. Kama kuna mtu ulimtuhumu bila ushahidi, futa ulichoandika na umtake radhi.

Ewe Mola wetu, tujaalie ndani yetu pawe safi kama tunavyojionyesha nje. Tusitiri, tusamehe, na utupe ujasiri wa kurudisha haki za watu kabla ya siku ambayo hakuna dirham wala dinari. Aamin.

Tarawehe leo kama kawaida baada ya Isha. Njooni na vijana.

Wabillahi tawfiq.