Kabla Hujakata Boksi la Hewa

Mjukuu wangu, kaa kidogo. Najua una haraka. Desemba imekaribia na unataka gari lako liwe tayari kabla barabara ya Himo haijajaa magari ya wenzako wanaorudi uchagani kutoka Dar es Salaam. Nimeliona bomba la PVC la inchi tatu ulilonunua duka la vifaa vya maji, na ile filta ya koni. Unataka kung'oa boksi la hewa la kiwandani, upitishe bomba lako mpaka chini ya bampa, ili injini ivute hewa ya baridi ipande mlima bila kulalamika. Si mapya hayo. Waliokutangulia niliwaambia, wengine wakasikia, wengine wakarudi wamevutwa kwa kamba. Nimechoka kurudia, lakini kunyamaza nako si haki.

Nianze na lililo kweli, usije ukasema babu hupinga kila kitu cha vijana. Wazo lako lina msingi. Hewa ya baridi imeshikana kuliko ya moto. Ikipoa kwa nyuzi 10, injini hupata karibu asilimia 3 zaidi ya hewa kila inapovuta. Petroli nayo haiungui peke yake: gramu moja inataka gramu 14.7 hivi za hewa. Hewa ikiongezeka, mafuta yanaweza kuongezeka, na nguvu pia. Hapo hatubishani.

Sasa fungua boneti. Fuata bomba la kiwandani kutoka kwenye boksi la filta mpaka mwisho wake. Katika magari mengi ya Kijapani yanayopanda mlima huu, mdomo wake umewekwa nyuma ya taa au juu ya rejeta, mahali inapofika hewa ya nje. Waliolitengeneza gari waliijua habari ya hewa baridi kabla hujazaliwa. Unachotaka kukileta tayari kipo. Na ukishaling'oa boksi, bomba likakushinda kupitisha, utafanya kama wengi wanavyofanya: utaiacha filta ya koni wazi ndani ya boneti. Hapo itavuta hewa iliyotoka kwenye rejeta, na siku utakapopanda polepole nyuma ya lori la ndizi, joto la humo ndani litakuwa limeliacha mbali la nje. Utakuwa umefuata baridi ukapewa moto.

Utaniambia gari la fulani lilibadilishwa na sasa linanguruma. Ni kweli linanguruma. Kwenye bomba la kiwandani mara nyingi kuna kopo tupu ambalo vijana hulitoa wakisema halina kazi. Kazi yake ni kupunguza mvumo wa hewa. Likitoka, mvumo unasikika, na mwenye gari anaamini ameongeza farasi. Debe tupu haliachi kuvuma, wazee walishasema. Kama unataka kujua nguvu imeongezeka au la, chukua saa, si sikio.

Halafu kuna mlima wenyewe, ambao wengi mnausahau. Moshi mjini tuko mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari. Geti la Marangu limepita mita 1,800. Pale getini mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam. Ndiyo maana gari lililokuwa jepesi pwani linahema likifika huku kwetu. Kinachokuibia nguvu ni wepesi wa hewa. Baridi ya Marangu umepewa bure, inaingia injini hiyo hiyo, na bado gari linahema. Hakuna bomba litakaloleta hewa ambayo mlima hauna. Turbo inaweza kuikusanya, lakini hiyo ni kazi nyingine na mfuko mwingine. Asiye na turbo dawa yake ni gia ndogo na subira.

Tuje kwenye madhara, kwa sababu faida tumeshaiona ilivyo ndogo. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inaweza kumeza hewa inayokaribia lita 3,000 katika dakika hiyo moja. Kiangazi, ukiacha lami, hewa hiyo imejaa vumbi, na vumbi linalopenya pembeni ya filta hula ringi na silinda kama msasa. Enzi za kubeba kahawa ya chama cha ushirika cha KNCU, Land Rover zetu zilikuwa na filta ya oili: bakuli chini, hewa inapita juu ya oili, vumbi linanasa. Ukilifungua bakuli baada ya safari za kiangazi, unakuta chini tope zito, limeganda, unalikwangua kwa kijiti. Tope lile lote lilikuwa njiani kuingia kwenye injini.

Bomba lako la PVC huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 80, na karibu na ekzosi joto hilo si la kutafuta. Likilegea, klampu haishiki tena, na pengo dogo linatosha. Basi nakupa kipimo ambacho hakihitaji mashine. Fungua bomba upande wa baada ya filta, pitisha kidole kisafi ndani. Kikitoka na vumbi, injini inakula udongo, hata kama inanguruma vizuri.

Kuna na sensa ya kupima hewa. Ina waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta ya gari hujua kiasi cha mafuta cha kumwaga. Ukiihamishia kwenye bomba pana kuliko la mwanzo, hewa itapita polepole, sensa itasoma kidogo, na mafuta yatakuwa pungufu. Gari litakatakata, taa ya injini itawaka, nawe utabadilisha plagi zisizo na kosa.

La mwisho ndilo linalonitisha, maji. Masika huku, Machi mpaka Mei, unajua barabara za vijijini zinavyogeuka mifereji. Mdomo wa bomba ukiwa chini ya bampa, dimbwi moja linatosha. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Katika injini ya lita 2 yenye silinda nne, pistoni ikifika juu, nafasi inayobaki ni mililita 55 hivi, haifiki robo ya kikombe cha chai. Maji yakizidi hapo, pistoni inagota, na konrodi inapinda.

Waulize wenye kazi ya mbio. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika ya wakati ule. Miaka ya 1990 magari ya ubingwa wa dunia yalipokuja Kenya, wahandisi wake, wanaohesabu kila sekunde, waliupandisha mdomo wa hewa juu karibu na paa ili kukwepa vumbi na maji. Nawe unataka kuushusha usawa wa matope.

Kama bado moyo wako uko hapo, jenga kwa adabu. Mdomo uwe juu, nyuma ya taa, usiwe chini ya bampa. Filta ikingwe na joto la injini kwa kuta za bati. Tumia bomba la alumini au la mpira wa magari, si la maji ya chooni. Sensa ikae kwenye bomba la kipenyo chake cha asili. Ule mpira mdogo wa pumzi ya injini urudishwe mahali pake, usiachwe wazi.

Lakini kabla ya yote hayo, weka filta mpya ya karatasi, kagua plagi, jaza upepo tairi, shusha mizigo isiyo na kazi kwenye buti. Kisha panda kutoka Njia Panda ya Himo mpaka Marangu Mtoni, gia zile zile, saa mkononi, uandike. Wengi wakifika hapo hukuta ugonjwa wa gari ulikuwa filta iliyoziba. Fanya hayo kwanza, mjukuu wangu, halafu uje tuzungumze. Ninachokuomba leo ni kimoja tu: usilikate boksi la kiwandani. Likihifadhiwa zima, ukijuta utalirudisha; likikatwa, utaanza kulitafuta kwenye maduka ya vipuri chakavu kwa bei ya mwenye duka.