Saa Husimama kwa Mtu wa Tatu

Katika mbio za baiskeli za uwanjani kuna sheria ambayo naiheshimu sana. Timu mbili zinapofukuzana, kila moja hutoa waendeshaji wanne, nao hukimbia kilomita 4 wakifuatana gurudumu kwa gurudumu, wakipokezana kukaa mbele. Muda wa timu huchukuliwa anapovuka mtu wa tatu. Wa nne huenda ameshaachwa mbali, kwa sababu nguvu zake zote amezimaliza akiwakatia wenzake upepo. Timu ikishinda, naye huvishwa medali.

Barabarani upepo ni uleule, na anayejibanza nyuma ya mwenzake huokoa nguvu nyingi, ila jina linaloandikwa ni moja. Tarehe 28 Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza, wanaume walikimbia kilomita 267.5 katika vilima vya Kigali. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Walioanza walizidi 160. Waliomaliza ni 30. Nakataa kuwaita wote waliobaki kuwa walioshindwa. Wamo waliotumwa kuvuta kundi saa za mwanzo, wakavuta mpaka miguu ikagoma, wakashuka. Kazi yao ilikuwa imekwisha, hata kama njia haikuwa imekwisha.

Lakini kujitoa nako kuna mpaka wake. Mwaka 2012, kwenye mlima wa La Toussuire nchini Ufaransa, Chris Froome alikuwa na nguvu kuliko kiongozi wake, Bradley Wiggins. Akachomoka mbele, kisha akaamriwa kwa redio amsubiri. Akasubiri. Wiggins akatwaa Tour de France, Froome akawa wa pili. Mwaka uliofuata zamu ikawa yake. Ingekuwaje kama zamu isingekuja kamwe? Hapo ndipo utumishi hugeuka kuwa unyonywaji, na hii si kwa wanabaiskeli peke yao.

Kocha, hata hivyo, hangoji zamu yoyote. Froome alipokuwa mvulana nchini Kenya, alifundishwa na David Kinjah huko Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi. Mwanafunzi akaenda kushinda Tour de France mara 4. Mwalimu akaendelea kulea vijana wengine katika Safari Simbaz, wengi wao wakitoka familia zisizoweza kununua hata tairi. Naamini deni la namna hii halirudishwi kwa aliyekukopesha. Hulipwa kwa mtoto anayekufuata nyuma, ukikubali kumkatia upepo kama ulivyokatiwa.

Kila Februari kuna Tour du Rwanda. Ukiifuatilia safari ijayo, usiishie kwa mshindi wa siku. Uliza ni nani aliyemvuta hadi kwenye mlima wa mwisho, na ni nani aliyemfundisha, kisha uwatajie watoto wako majina hayo.