Ushahidi wa Ufa Usioonekana

Ukaguzi wa nyufa kwa rangi penyezi, yaani kiowevu chepesi chenye wekundu mkali au kinachong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, hutegemea tabia ya vimiminika ya kujipenyeza katika mianya myembamba. Metali husafishwa mafuta, hupakwa kiowevu na kuachwa kwa muda, kisha ziada huoshwa na unga mweupe hupakwa juu, nao hufyonza kilichobaki ndani ya ufa hadi mstari utokeze. Mstari ukitokeza, hukumu ni nyepesi. Usipotokeza, mkaguzi hutakiwa kushuhudia kutokuwepo kwa kitu, na hapo ndipo penye swali zito.

Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, walikwisha kulitafakari: kutopatikana kwa kitu, walisema, si hoja ya kutokuwepo kwake, na wengi wao walimtanguliza shahidi anayethibitisha mbele ya anayekanusha, kwa kuwa wa kwanza ana ziada ya elimu.

Tarehe 19 Julai 1989, diski ya feni iliyotengenezwa kwa titani ilipasuka katika injini ya mkiani ya ndege ya DC-10 ikiwa juu ya Iowa, Marekani, mifumo yote mitatu ya haidroliki ikapotea, na kati ya watu 296 waliokuwamo zaidi ya 110 wakafa. Diski hiyo ilikuwa imekaguliwa kwa rangi penyezi Aprili 1988, wakati ambapo ufa, kwa makadirio ya wachunguzi, ulikuwa na urefu wa takriban milimita 12. Linaloumiza zaidi ni kwamba ndani ya ufa yalikutwa mabaki ya kemikali za ukaguzi huo: rangi iliingia, ushahidi ukawapo, jicho lisiupokee. Ndiyo maana wachunguzi walitaja udhaifu wa kibinadamu ambao taratibu za ukaguzi hazikuuzingatia vya kutosha.

Je, basi, hakuna awezaye kutia sahihi? Mafakihi hawakufika huko, kwani waliukubali ukanushaji wenye mipaka, ambao elimu ya shahidi imeuzunguka pande zote. Kwa kipimo hicho, mkaguzi ana haki ya kusema kwamba katika uso huu, chini ya mwanga huu, hakuona ufa. Bali anayeithibitisha diski nzima ilhali sehemu yake hakuitazama sawasawa ametoa ushahidi wa uongo, hata kama diski hiyo haitapasuka kamwe.