Aliyeambiwa Abaki

Mwezi uliopita binti yangu alinipigia simu saa tano usiku. Ni muuguzi wa zahanati, huko ng'ambo ya mto Kilombero, mahali ambapo mvua ikikolea hata bodaboda wanakataa kwenda. Hakunisalimia kama kawaida yake. Alisema, "Mama, nimeshaandika barua. Kesho nikipata mtandao naituma." Hospitali moja ya binafsi Dar es Salaam imemwita kazini: mshahara karibu mara mbili, zamu zinazoeleweka, umeme, wenzake wa kushauriana nao. Huko aliko yuko yeye na mhudumu mmoja. Wiki ile alikuwa amezalisha mama huku ameibana simu kwa meno ili tochi immulikie.

Nilitaka kumwambia abaki. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, likagoma kutoka. Nikamwambia, "Usitume kwanza, mama. Nipe siku chache." Tangu usiku ule ninajiuliza mtu ana haki gani ya kumwambia mwenzake: baki hapo ulipo, Mungu amekuweka hapo.

Katika kuwaza huko nimemkumbuka mwanamke ambaye sikuwahi kukutana naye, mwigizaji wa Marekani, Nichelle Nichols.

Nilikuwa opereta wa simu. Kwa miaka 22 nilikaa mbele ya swichibodi ya shirika moja la umma, hedifoni kichwani, nikiunganisha watu ambao hawakujua sura yangu. Binti yangu alipokuwa chuoni aliniita siku moja kwenye kompyuta yake: "Mama, njoo umwone opereta mwenzako." Ilikuwa tamthilia ya Star Trek, iliyoanza kurushwa na NBC mwezi Septemba 1966. Chombo cha angani cha karne ya 23, na katika chumba cha uongozaji, nyuma ya kapteni, amekaa mwanamke mweusi mwenye kifaa sikioni. Ni Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano.

Nilichokiona kwanza ni mkono. Ujumbe unapoingia, mkono wake hupanda sikioni na macho yake huacha kuangalia. Hayafumbi, yanaacha tu kuangalia. Asiyewahi kukaa kwenye swichibodi hawezi kulijua hilo: sauti ikija kwa mbali, opereta huyaazima masikio macho yake. Sijui nani alimfundisha, lakini nilimwamini pale pale.

Jina lake limetoka kwetu. Nichols alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1962 na kuzungumzia Kenya. Neno likampendeza, likampendeza na Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, kisha likalainishwa kuwa Uhura ili lisikike la kike. Kwa Kiswahili hakuna uhuru wa kike na wa kiume, ni mmoja tu, na ningependa wangeliacha kama lilivyo. Lakini ndivyo lilivyokwenda duniani.

Sasa, barua. Msimu wa kwanza ulipokwisha, Nichols naye aliandika barua ya kuacha kazi. Ameisimulia habari hii mara nyingi, na katika kitabu cha maisha yake, Beyond Uhura, cha mwaka 1994, ameeleza jinsi mistari yake ilivyokuwa ikipunguzwa hata ikabaki ile ya kutangaza kwamba masafa yamefunguliwa. Na yeye hakuwa mtu wa kutangaza masafa. Alikuwa mwimbaji na mcheza dansi, aliyekwisha kuimba na bendi ya Duke Ellington, na moyo wake ulikuwa jukwaani, Broadway, New York. Huko ndiko alikotaka kwenda. Roddenberry aliipokea barua akamwomba afikirie hadi Jumatatu.

Mwishoni mwa juma hilo alikuwa kwenye hafla ya kuchangia NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, Beverly Hills. Akaambiwa kuna mtu anayeipenda sana kazi yake anataka kumwona. Akageuka, akamwona Martin Luther King, mchungaji aliyekuwa akiongoza maandamano ya kudai haki za watu weusi. King alimwambia kwamba hiyo ndiyo tamthilia pekee ambayo yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao kukesha kuitazama. Nichols akamshukuru, kisha akamwambia kwamba anaondoka. King akakataa. Alimweleza kwamba kwa mara ya kwanza dunia inawaona watu weusi kama inavyopasa waonekane, wenye akili na heshima, kazini pamoja na wengine, na kwamba kile kiti hakikutengwa kwa ajili ya mtu mweusi wala mwanamke. Akitoka, watamkalisha yeyote. Nichols alitamani angekuwa barabarani akiandamana naye. King akamwambia kwamba pale alipokaa ndipo anapoandamana. Jumatatu alirudi kwa Roddenberry akamwambia anabaki.

Watu huisimulia habari hii kama hadithi tamu, wakaishia hapo. Mimi ndipo ninapoanza kusumbuka. King hakuwa bosi wake wala mzazi wake, na hakuwa analipa kodi ya nyumba yake. Kwa nini neno lake liwe wito, lisiwe tu maoni ya mtu mashuhuri kwenye hafla?

Mimi ni Mlutheri. Tunafundishwa tangu kipaimara kwamba wito si wa wachungaji peke yao. Anayekamua ng'ombe na anayefua nguo za mtoto wako kwenye kazi ya Mungu sawa na anayehubiri. Hilo alilifundisha Luther mwenyewe, na baba yake King alilipenda jina hilo kiasi kwamba, baada ya kuzuru Ujerumani mwaka 1934, alilibadilisha jina lake na la mwanawe, wote wawili walioitwa Michael. Nalikubali fundisho hilo. Ila halinijibu swali langu. Linaniambia kwamba kukaa kwenye swichibodi kunaweza kuwa wito, lakini haliniambii nitajuaje kwamba sauti inayoniambia nikae ni ya Mungu, au ni ya mtu ambaye kukaa kwangu kunamfaa.

Lugha yetu inanisaidia kidogo. Wito unatoka kwenye kuita, na hakuna anayejiita mwenyewe. Mtoto wa kike tulimfundisha akiitwa aitike "abee", wa kiume "naam", na kuitika hakukuwa sawa na kukubali. Kulikuwa kusema nimekusikia, niko hapa, sema. Samweli mdogo aliitwa usiku hekaluni, akaamka mara tatu kumkimbilia Eli akidhani ndiye aliyemwita. Hakuijua sauti. Eli, mzee aliyekuwa haoni vizuri, ndiye aliyemweleza ni nani anayeita na ajibu nini. Bila Eli, Samweli angelala tena. Naamini ndivyo ilivyo mara nyingi: sauti ya Mungu hutufikia kupitia mdomo wa mwanadamu, na hatari yote iko hapo hapo, kwa sababu midomo ni mingi.

Shangazi yangu aliambiwa na wazee avumilie kwenye ndoa iliyokuwa ikimvunja mbavu. Walimwambia msalaba ni wake. Kisha wazee wale wakanywa chai, wakaenda kulala makwao. Nami mwaka 1991 nilipata nafasi ya kwenda kusomea uhasibu. Mkubwa wangu akaniita ofisini, akaniambia nisiondoke, mimi ndiye sauti ya shirika, watu wakipiga simu wananijua. Nilifurahi hata nikatokwa machozi, nikabaki. Baada ya majuma sita yeye mwenyewe alihamia kazi nyingine nje ya nchi. Miaka kumi baadaye ikaja mashine ya kujipokelea simu, nami nikapunguzwa kazini. Sisemi haya kwa kinyongo. Nayasema kwa sababu hapo ndipo nilipoipata kanuni yangu, na sijaipata nyingine iliyo bora: mtu akikuambia ubaki, mwulize yeye amebaki wapi.

Ukimwuliza King swali hilo, jibu lipo. Mwaka 1956 nyumba yake Montgomery ililipuliwa kwa bomu, mke na mtoto wakiwa ndani. Mwaka 1958 alichomwa kisu kifuani New York, alipokuwa akitia sahihi vitabu. Aprili 1967 alisema wazi kuwa anapinga vita vya Vietnam, na marafiki wengi wakamkimbia. Angeweza kwenda kuhubiri kwenye kanisa la matajiri akaishi hadi uzee. Alibaki, na tarehe 4 Aprili 1968 akauawa Memphis. Huyo alikuwa na haki ya kusema "baki". Na alipolisema hakumficha Nichols sababu, wala hakumwahidi kwamba atalipwa.

Kwa sababu Nichols alibaki, kuna kipindi cha msimu wa pili, cha Septemba 1967, ambamo kumbukumbu zote za Uhura zinafutwa na mashine. Wanapomfundisha kusoma upya, anakwama kwenye Kiingereza, na kinachomtoka ni Kiswahili. Nilipokiona niliinuka kwenye kiti. Na Whoopi Goldberg amesimulia jinsi alivyokuwa mtoto, akapiga kelele kumwita mama yake aje aone: kuna mwanamke mweusi kwenye televisheni na si mtumishi wa ndani.

Hata hivyo sitaki tumfanye Nichols asiyepoteza kitu. Ile miaka ya Broadway haikurudi. Tamthilia ilifutwa mwaka 1969 baada ya vipindi 79, na baadaye, katika filamu sita hadi 1991, aliendelea kuwa Uhura. Mtu akiitikia wito mmoja, kuna nyimbo zitakazobaki bila kuimbwa, na nadhani Mungu mwenyewe anazikosa. Ninapowasikia wahubiri wakisema kwamba anayetii hapotezi kitu, naona wanapunguza thamani ya utii wenyewe.

Kisha ikafika zamu yake ya kuita. Mwaka 1977 alifanya kazi na shirika la anga la Marekani, NASA, kuwatafuta wanawake na watu weusi wajiandikishe kuwa wanaanga. Hadi wakati huo hakuna mwanamke wa Marekani aliyekuwa amekwenda angani. Alizunguka vyuoni, akasimama mbele ya kamera akiwaambia watu kwamba nafasi hii ni yao. Maombi yalizidi 8,000, na mwaka 1978 wakachaguliwa 35, sita kati yao wanawake, watatu wanaume weusi. Baadaye Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, ambaye akiwa mtoto alimtazama Uhura, aliruka Septemba 1992 na kuanza kila zamu yake kwa kuwatangazia waongozaji wa safari walioko Houston ule mstari wa Uhura, kwamba masafa yamefunguliwa.

Lakini katika wale 35 walikuwamo Judith Resnik na Ronald McNair. McNair alikulia South Carolina akiitazama Star Trek. Kaka yake ameeleza jinsi kijana yule alivyoiona kama jambo litakalokuja kuwa kweli. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa wote saba, Resnik na McNair wakiwamo.

Hapa nimekaa muda mrefu. Mwite mtu, aitike, afe. Je, aliyemwita ana hatia? Nimesikia watu wakijibu haraka kwamba kila mtu alichagua mwenyewe. Ni kweli, lakini jibu hilo ni la wakili. Anayeita anabeba sehemu ya mzigo, hata kama si kosa lake, na mzigo huo hauwezi kutuliwa kwa maneno. Unaweza kubebwa kwa njia moja tu ninayoijua, nayo ni kutokukaa pwani huku umewasukuma wengine majini. Septemba 2015, akiwa na miaka 82, miezi michache baada ya kupata kiharusi kidogo, Nichols alipanda SOFIA, ndege ya NASA iliyobeba darubini kubwa, ikampeleka juu usiku kucha. Hakuna aliyemlazimisha. Alifariki tarehe 30 Julai 2022, New Mexico, akiwa na miaka 89.

Sasa narudi kwa binti yangu na barua yake. Nimeelewa kwa nini neno liligoma. Ninakaa Morogoro mjini, kwenye nyumba yenye umeme, soko liko hatua mia tatu. Kutoka hapa ningemwambia abaki kule kwa ajili ya wale akina mama, nami ningekwenda kulala, kama wazee wa shangazi yangu. Siwezi. Wala siwezi kumwambia aondoke, kwa kuwa sijawaona hao akina mama anaowaacha. Sijui barabara ile ikoje usiku. Sijawahi kushika ile tochi.

Juzi nilimpigia. Akaitika, "Abee, mama." Nikamwuliza kama ana godoro la ziada na kama mhudumu wake atakubali mtu wa kuchemsha maji na kumulika. Alinyamaza, kisha akasema godoro lipo. Nimekata tiketi ya basi la Mahenge la Jumamosi, na nimenunua tochi mbili za kuvaa kichwani.