Aliyechoka Akinyamaza



Mwezi uliopita mpwa wangu, kijana wa miaka 26, alikuja kunitazama, mkono wake ukiwa umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Baada ya "Shikamoo, Mjomba" na kikombe cha chai nilimwuliza habari zake, naye akajibu, "Nzuri tu, Mjomba." Mtulinga umevunjika, lakini habari ni nzuri! Nilicheka. Baadaye, aliponisimulia mambo yote, niliona kwamba jibu la namna hiyo hiyo ndilo lililomvunja.

Yeye na wenzake watatu, mmoja wao msichana, wanajitayarisha kwa mashindano ambayo wengi wetu hatuyajui. Watu huenda kwa kikosi, mchana na usiku, pengine siku kadhaa, kwa miguu, kwa baiskeli za milimani na kwa mitumbwi, wakitafuta njia kwa ramani na dira. Mfaransa mmoja, Gérard Fusil, aliandaa mashindano ya namna hii huko New Zealand mwaka 1989, na tangu hapo yameenea. Mwaka 2023 yale ya ubingwa wa dunia yalifanyika Afrika Kusini. Wapo watakaouliza kwa nini mtu ajichoshe usiku kwa hiari yake, hali kuna akina mama wanaoamka saa tisa usiku kufuata maji bila hiari yoyote. Ni swali la haki, lakini silo langu leo.

Kilichonigusa ni sheria yao moja. Kikosi hakihesabiwi kuwa kimefika mpaka wa mwisho wao amefika. Mwenye mbio hawezi kutangulia akapewa zawadi. Kwa hiyo wamejifunza kumbebea aliyechoka mfuko wake, na hata kufunga kamba ya mpira toka baiskeli ya mwenye nguvu hadi ya mnyonge, wakamvuta mlimani. Tena mpwa wangu aliniambia kwamba anayevutwa usiku huu huenda ndiye atakayevuta kesho. Nilifurahi kusikia hayo, nikadhani nimesikia mahubiri.

Basi usiku ule walitoka Mombo jioni, wakapanda kwa baiskeli kupitia Soni hadi Lushoto, njia ya zaidi ya kilomita 30, nanyi mnaoijua barabara ile mnajua ilivyopinda. Hapo wakaziacha baiskeli, wakaingia kwa miguu msitu wa Magamba, gizani, kwenye baridi, hata karibu na mapambazuko. Kisha wakaanza kuteremka. Mpwa wangu alikuwa hajalala tangu alfajiri ya siku iliyotangulia, kwani alikwenda kazini kwanza. Mara mbili aliona mtu amesimama kando ya njia, kumbe ni mti. Yule msichana, aliyekuwa nyuma yake, alimwona anayumba, akamwuliza, "Kaka, uko sawa?" Akajibu, "Niko sawa." Konani, chini ya Soni, usingizi ukamchukua. Yeye alivunjika mtulinga. Msichana alimgonga, akaanguka na kuvunjika kiwiko.

Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 mfululizo hufanya kazi ya mikono na macho kama mtu aliyekunywa pombe kiasi ambacho nchi nyingi humkataza dereva. Aliyekesha saa 24 ni mbaya zaidi. Tungemwona mpwa wangu amelewa juu ya baiskeli tungemkemea. Kwa kuwa alikuwa amechoka tu, tulikuwa tayari kumsifu.

Swali langu ndilo hili: mtu anayeficha udhaifu wake mbele ya wenzake, anavumilia au anadanganya?

Mpwa wangu alijitetea vizuri. "Mjomba, kama kila mmoja angesema amechoka, tusingefika hata Soni." Ni kweli, na mimi sipendi watu wa kulalamika. Lakini naona tofauti. Maumivu ya miguu yake yalikuwa yake mwenyewe. Angeweza kuyanyamazia na kumtolea Mungu. Macho yake hayakuwa yake peke yake, maana uhai wa aliyemfuata ulikuwa umeyategemea. Alipoulizwa waziwazi akajibu "niko sawa", hakumnyima mwenzake malalamiko, alimnyima habari aliyokuwa na haki nayo. Ni hivyo hivyo kwa dereva wa basi, kwa muuguzi wa zamu ya usiku, na (mtanisamehe) kwa mtunza hazina wa mtaa ambaye vitabu vimemshinda, naye kila kikao husema mambo yanakwenda.

Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya waraka kwa Wagalatia, anasema katika mistari michache mambo mawili: kwamba tusaidiane mizigo, na kwamba kila mtu ana mzigo wake wa kubeba. Zamani nikifundisha dini nilipita haraka hapo, kwani niliona yanagongana. Sasa nafikiri sehemu ya mzigo wangu ni kusema lini umenishinda. Hakuna mwingine awezaye kuubeba huo kwa niaba yangu. Eliya, chini ya mti kule jangwani, alisema wazi kwamba basi, imetosha. Malaika hakumkaripia, alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Hata hivyo nisimwelemee kijana. Aliyemfundisha kunyamaza ni nani? Nilipokuwa mwalimu kijana nilisimamia mbio za nyika za shule. Mvulana aliyesema tumbo linamwuma nilimwita mwali mbele ya wenzake, wakacheka. Wiki iliyofuata mwingine alikimbia akiwa na homa ya malaria, hakusema neno, akaanguka karibu na mto. Tulimbeba hadi zahanati juu ya mlango uliong'olewa. Alipona, Mungu ashukuriwe. Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alinitazama tu. Nilikuwa nimemsifu kwa mwendo wake nusu saa kabla.

Jumamosi moja nilifuatana na mpwa wangu kwenda kwa wazazi wa yule msichana kuomba radhi. Walitupokea vema, wakatupa uji. Baba yake hakugomba, aliuliza tu, "Mwanangu, alipokuuliza, kwa nini hukumwambia?" Kijana hakuwa na jibu. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Wamejiwekea desturi mpya. Kila saa moja ya safari ya usiku wanasimama, kila mmoja anaeleza hali yake, na anayeanza ni mwenye nguvu kuliko wote. Msichana ndiye aliyetaka hivyo. Alisema akianza mnyonge ataona aibu, lakini akimsikia mwenye nguvu akisema magoti yanamwuma, naye atasema.

Salamu zetu wenyewe zina nafasi hiyo. Hata kwenye msiba tunaanza na "nzuri", au "hatujambo", kisha huja "ila". Hatujambo, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila hatujalala. Siku hizi naona tunaulizana habari tukiwa tumekwisha geuka kuondoka, na ile "ila" haipati wa kuisikia. Jumapili iliyopita, mlangoni mwa kanisa, Kasisi aliniuliza habari, nikajibu nzuri tu, nikashuka ngazi nikishika ukuta kwa ajili ya goti. Mpwa wangu alikuwa nyuma yangu, mkono shingoni, akacheka mpaka watu wakageuka.