Nani Aifungue Dira ya Zamani?

Dira, au busole kama wengi wetu tunavyoiita hapa Bwiza, ni kitu kidogo chenye dhamana kubwa. Usiku ziwani mtu anaiamini kuliko macho yake. Sasa ile ya zamani yenye maji ndani ikiharibika, je, ni halali fundi aifungue kwa sababu tu mwenyewe ameomba na pesa iko?

Yale maji si maji matupu. Mara nyingi ni alkoholi iliyochanganywa na maji, au mafuta mepesi yanayokaribiana na mafuta ya taa. Kazi yake ni kuituliza sindano isichezecheze. Mpira ukizeeka yanavuja, hewa inaingia, kiputo kinatokea. Kujaza upya kunaonekana rahisi, kumbe ukiweka kisicho chake rangi inaweza kuyeyuka na mpira kuvimba. Halafu meza za mafundi wetu zimejaa spika za redio, na kila spika ina sumaku inayoweza kuiharibu sindano. Mwenye boti anarudishiwa dira safi, haina kiputo, lakini inamdanganya katikati ya Tanganyika. Ile mbovu angalau ilikuwa inaonyesha ugonjwa wake.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Dira nyingi za kale zilipakwa rangi ya radiamu ili zing'ae gizani. Mng'ao unakufa baada ya miaka, lakini radiamu inabaki: nusu yake inahitaji miaka kama 1600 kuisha. Ukiikwangua, vumbi linaingia mapafuni. Na hii inatugusa sisi Wakongomani. Tangu 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilitoa radiamu kwenye mawe ya Shinkolobwe, kule Katanga. Huko Marekani, wasichana waliopaka rangi hiyo kwenye saa walifundishwa kuichonga brashi kwa midomo, wakaambiwa haina madhara. Wengine walioza mifupa ya taya, wakafa. Wakubwa wao hawakukosa ujuzi. Walikaa kimya.

Wengine watasema: eh, kijana ana njaa, muacheni apate franka, yeye mwenyewe amekubali. Ninaelewa. Mkimbizi hachagui sana kazi. Lakini kukubali bila kujua si kukubali. Sisi tunaoshughulika na vijana tunawapeleka kwa mafundi wakajifunze, na tunajua nani anapewa kazi ya kufungua na kukwangua: ni yule mdogo, aliyefika juzi, asiyethubutu kuuliza. Anayejua kidogo ndiye anayebeba hatari kubwa. Hapo ndipo ninaona dhambi ilipo. Kushindwa kutengeneza si dhambi. Kumficha mtu kilicho ndani, ndiyo.

Kwa hiyo fundi ana deni mbili. Kwa mwenye dira: amwambie kabla ya kupokea pesa, "Hii nitaijaza, lakini uipime na nyingine kabla ya kuingia nayo ziwani." Kwa mwanafunzi wake: kama uso wa dira una rangi ya zamani ya kung'aa, hata kama haing'ai tena, kioo kisifunguliwe. Kazi hiyo ikataliwe, hata siku ambayo hakuna nyingine. Franka za siku moja zinaliwa jioni ileile, lakini kijana atapumua kwa mapafu hayohayo miaka yake yote.