Mwili Huu ni wa Nani? Juu ya Pomadi na Tumbo Lisilotaka Kwisha

Mtu wa Fizi anapakwa mafuta tangu siku anapozaliwa. Kabla ya pomadi za dukani kulikuwa mafuta ya mbegu za ngazi, na mpaka leo bibi zetu wako nayo ndani ya chupa ndogo, hata kama vijana wanacheka ju ya harufu yake. Ndugu zetu Walega, ambao tuna Bwami kama wao, walipaka mafuta hata sanamu zao za pembe za ndovu. Daniel Biebuyck, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alieleza kwamba walizisugua na kuzipaka sawa vile wanavyotunza ngozi zao wenyewe. Kwao neno busoga linabeba uzuri na wema pamoja. Basi mtu akituambia kwamba kujipamba ni upuuzi wa kisasa, tunamkatalia.

Lakini kuna jambo linalotusumbua, na tunaliandika kwa sababu na sisi tumo ndani ya kosa.

Dada mmoja jirani yetu hapa Baraka, muuza ndakala, alianza kupakaa pomadi ya tubu ndogo aliyonunua sokoni. Alitaka ngozi yake ing'ae kidogo, basi. Miezi ikapita, uso ukajaa ukawa duara, nyama ikapanda nyuma ya shingo, tumbo likatoka. Na sisi tulifanya nini? Tulimsifu. Kila tukipita: "Dada, umenona! Bwana anakuchunga muzuri!" Kwetu mtu akikonda watu wananong'ona: iko na sida, iko na njaa, ndoa yake imeharibika. Unene unajibu maneno hayo yote kwa mara moja. Hakuna aliyeangalia mikono na miguu yake, ambayo ilikuwa inapunguka.

Siku moja akaja nyumbani na tubu mbili mkononi. "Mwalimu, weye unajua kusoma. Hii ya pili banasema inapunguza tumbo. Ni kweli?"

Ya pili haikuandikwa kitu cha maana. Ya kwanza ilikuwa na klobetasoli. Hapo tulishtuka. Klobetasoli ni ya jamaa ya kortizoni, ile homoni ambayo Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walianza kuwapa wagonjwa wa viungo mwaka 1948, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Ni dawa njema sana kwa ugonjwa wa ngozi, ikiandikwa na munganga. Lakini klobetasoli ni kati ya zenye nguvu kupita zote: kwa kawaida haivuki majuma mawili mfululizo, wala gramu 50 kwa juma. Dada yetu alipakaa mwili muzima, asubuhi na magharibi, kwa muda wa mwaka na zaidi.

Homoni hiyo inapita ngozi na kuingia damuni. Mwili unadhani ni ya kwake. Mafuta yanahama, yanajikusanya usoni, shingoni na tumboni, wakati misuli ya mikono na miguu inaliwa. Harvey Cushing aliandika juu ya umbo hilo mwaka 1932. Ngozi inakuwa nyembamba, vidonda vinachelewa kupona, sukari na shinikizo la damu vinaweza kupanda. Hiyo ndiyo "kunona" tuliyoisifu.

Je, pomadi nyingine inaweza kuondoa mafuta ambayo pomadi imeyaleta? Tusiseme kwamba wazo lenyewe ni la wajinga. Katika miaka ya 1990 waganga wa Göteborg, Uswidi, waliwapa wanaume wenye matumbo makubwa jeli ya testosteroni ya kujipakaa, na mafuta ya ndani ya tumbo yalipunguka. Lakini walikuwa wanaume waliochaguliwa, wanaopimwa damu, si mama wa sokoni mwenye tubu isiyo na jina. Na kwa ugonjwa wake yeye hakuna haja ya homoni ya pili: kinachotakiwa ni kuondoa ile ya kwanza.

Hata hapo kuna mtego. Tulitaka kumwambia, "Tupa leo leo!" Bahati tulimwuliza kwanza infirmiye mmoja rafiki yetu. Akatuambia tezi za juu ya figo zinalala wakati homoni inatoka nje kila siku. Ukikata ghafula, mtu anaweza kulegea, kutapika, shinikizo la damu kushuka, hata kufa. Inapunguzwa pole pole, munganga akifuata. Kumbe ukweli nao, ukisemwa vibaya, unaweza kuua.

Dada alipoelezwa alikasirika. "Mwili ni wangu. Nani alinipa makuta ya kununua? Mbona mulipenda nilivyokuwa?" Swali la pili lilitufunga kinywa. La kwanza tulijaribu kulijibu. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ililazimisha onyo kali juu ya jeli za testosteroni, kwa kuwa watoto waliogusa ngozi ya baba zao walianza kubalehe wakiwa wadogo sana. Dada anabeba mtoto mgongoni. Ngozi inayopakwa dawa ndiyo mtoto anayolalia. Mwili ni wangu, ndiyo, lakini kuna mwengine anayeishi juu yake.

Wengine watasema, serikali ifunge soko. Tanzania imekataza pomadi za namna hii, na Rwanda ilianza kuziondoa madukani kwa nguvu mwaka 2018. Tunakubali. Lakini sisi tuko kando ya ziwa, mashua ni nyingi, na kitu kinachokatazwa Kigoma hakikosi njia. Tena sheria inakamata tubu, haikamati salamu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo inamhukumu mkakasi peke yake. Haimwulizi mtu aliyesimama njiani kuusifu.

Alikubali kwenda kwa munganga. Akapunguza pole pole, na miezi ikapita na udhaifu mwingi, siku nyingine akishindwa kubeba beseni lake. Tumbo limeshuka, lakini mistari ya ngozi imebaki. Uso umerudi kama zamani. Sasa sokoni wanamwuliza kwa sauti ndogo: "Dada, uko mugonjwa?" Mume wake naye ameulizwa na wakwe kama anamnyima chakula.

Sisi tukipita kwenye meza yake asubuhi, siku hizi tunaanza na bei ya ndakala.